Jibu Nililompa Dada wa Ustawi

Masunga, baba,

Umeme umekatika tangu saa sita, mashine ya kusaga na kukoboa imenyamaza, na mimi nimekaa juu ya gunia la pumba nikiwa na daftari la mdogo wako Neema magotini. Nimechana karatasi za katikati ili asijue, ila atajua tu, mtoto yule hapitwi na kitu. Wewe umechukua pikipiki ya rafiki yako kwenda Kabungu kumuaga bibi yako mzaa mama. Umesema saa kumi utakuwa umerudi. Kila pikipiki inayopita hapa Ilembo nachungulia mlangoni, halafu narudi kukaa, halafu nasahau nilikuwa nataka kuandika nini.

Kesho alfajiri unapanda basi la Tabora kwenda kujifunza ufundi wa magari. Mambo ya safari sitakuandikia. Umekaa miaka miwili shule ya maadilisho, umefua mwenyewe, umepika kwa zamu, umeamka kwa kengele. Mimi nikufundishe kukunja shati? Na habari za kuchagua marafiki na kumheshimu fundi wako umeshaambiwa na watu wengi wenye haki ya kuzisema kuliko mimi.

Ninaandika kwa sababu ya maneno uliyosema juzi tukiwa tunakula. Nilikuuliza utarudi lini, hata kusalimia tu. Ukaacha kula. Ukasema, "Mzee, mimi hapa sirudi. Nyumba ya mtu aliyenifukuza nirudi kufanya nini?" Hukumtaja mke wangu, mama Neema, na wala hukumwangalia, lakini wote pale tulijua unamsema nani. Yeye akainuka kwenda kuleta maji, na jagi la maji lilikuwa mbele yake. Mimi nikaendelea kula. Nilimaliza ugali wote ule na dagaa nikisubiri mtu mwingine aseme kitu.

Mama Neema hakukufukuza. Naliandika mapema kwa sababu najijua, nikiliacha mwishoni nitapata kisingizio cha kwenda kukaza boliti fulani na barua itaishia njiani. Hakukufukuza yeye. Nilikufukuza mimi, baba yako, kwa mdomo wangu na kwa saini yangu. Sasa nisome taratibu, maana kusema tu kwamba ni mimi hakutoshi. Nataka ujue ilikuwaje mpaka ikawa hivyo.

Inabidi nianze na jina lako. Unajua kwetu Wasukuma mtoto akipewa jina la babu yake anakuwa ndiye babu mwenyewe. Babu yako alifariki miezi miwili kabla hujazaliwa, kwa hiyo hapakuwa na mjadala, ukawa Masunga. Mama yako, Mungu amrehemu, hakuruhusiwa kutamka jina la baba mkwe wake, na baba mkwe wake sasa alikuwa wewe, unanyonya. Akawa anakuita Baba. Mimi nami nikakuita Baba, kwa sababu ulikuwa baba yangu. Ukilia, mama yako alikuwa anakubeba huku anasema, "Jamani, mkwe amekasirika, tumemkosea nini leo?" Majirani zetu Wafipa na Wabende walikuwa wanatuona vichekesho. Mmoja alituambia, "Nyie watu nyie! Mtoto anajikojolea, mnampa shikamoo!" Tulicheka sana. Zilikuwa siku nzuri na nataka ujue kwamba zilikuwepo.

Ila mimi nilikuwa namjua Masunga wa kwanza, na mama yako hakumjua vizuri. Babu yako alihama Shinyanga na ng'ombe wake akashuka mpaka Mpimbwe, karibu na Majimoto, na watu wa kule mpaka leo wanamtaja kama mwanamume kwelikweli. Sawa. Mimi nilikuwa mtoto wake. Siku moja, nikiwa na miaka kumi na miwili, nilisinzia machungani, ng'ombe wakaingia kwenye jaruba la mpunga la mtu. Baba hakunipigia kelele. Alinifunga kwenye nguzo ya zizi na kamba ya ndama, akanichapa, akaenda zake kunywa, na akaniacha pale juani mpaka ng'ombe walivyorudi jioni wakawa wananinusa. Ndugu zangu walipita mara kadhaa. Hakuna aliyethubutu kunifungua. Nilipomaliza darasa la saba nilitoroka nikaja Mpanda mjini kubeba magunia, na nikajiapia kwamba mimi mwanangu sitamfunga.

Halafu nikampa mwanangu jina la mtu yule. Mila ni mila, lakini nisijifiche nyuma yake, niliogopa pia. Wazee walisema asipopata mrithi wa jina atakasirika, na mimi nilikuwa bado namwogopa hata akiwa kaburini. Kwa hiyo ulikuja duniani, kichanga, na baba yako akaanza kukuangalia kwa wasiwasi.

Samahani, nimeinuka kidogo. Mama mmoja amekuja na ndoo yake ya mahindi. "Mzee, umeme bado?" Bado, mama. "Na wewe umekuwa karani siku hizi?" Nimemwambia naandika maombi ya kuletewa nguzo mpya. Ameondoka ananicheka. Nimechungulia barabarani, hakuna kitu, ng'ombe tu na vumbi.

Nilikuwa nasema nilikuangalia kwa wasiwasi. Ulipokuwa na miaka minne ulimrushia jogoo wa jirani jiwe, akafa papo hapo. Mtoto wa miaka minne, bahati mbaya tu. Baba yako mkubwa alikuwepo, akapiga makofi akasema, "Mzee karudi huyo! Ndivyo alivyo!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini moyoni nilishtuka. Tangu siku ile hilo neno sikuliacha. Ukikataa kula, ndivyo alivyo. Ukigombana na mtoto wa jirani, ndivyo alivyo. Ukitulia siku nzima unachezea vizibo vya soda, sikusema kitu. Utulivu wako sikuuona, kwa sababu haukuwa kitu nilichokuwa nakitafuta. Na nilikuwa nalisema mbele yako, kama vile hukuwa na masikio.

Mama yako alikuwa na njia yake ya kukushika. Wewe ukinuna, yeye alikuwa anaendelea na kazi zake karibu yako, hakusemeshi, hakuachi. Baada ya muda unamsogelea mwenyewe na kumwambia kilichotokea. Wala hukuwahi kumdanganya. Nilikuwa nadhani anakudekeza. Kumbe alikuwa anajua ufunguo wako uko wapi, na hakupata muda wa kunionyesha.

Alipofariki ulikuwa na miaka minane. Tulimzika Kabungu kwa wazazi wake, na baada ya wiki mbili nikakurudisha shule. Nilidhani shule itakusahaulisha. Hukulia msibani na watu walisema umejikaza kiume, na mimi nikajisifia hilo kabisa, nikasema damu ya babu yake hiyo. Baada ya hapo ukaanza kutoroka darasani. Mwalimu akinitumia ujumbe kwamba hujaonekana siku tatu, mimi nakuja nakuchapa. Sikukuuliza hata siku moja ulikuwa unakwenda wapi. Nimekuja kuambiwa na bibi yako mwaka jana tu kwamba ulikuwa unakwenda kwake. Kilomita zote zile, kwa mguu, umevaa sare. Ulikuwa unakaa karibu na kaburi unachonga fimbo, halafu unarudi kwa wakati wa watoto kutoka shule. Mtoto alikuwa na msiba na baba yake akaita utundu. Nikilifikiria hilo ninashindwa kukaa, ndiyo maana mwandiko wangu unapanda na kushuka.

Halafu mama Neema. Hapa nilikosea kwa namna ambayo hata yeye aliniambia, ila aliniambia nikiwa nimeshakosea. Sikukuambia kwamba naoa. Nilijiambia mtoto hashauriwi mambo ya wakubwa. Umetoka shule una miaka tisa, ukamkuta mwanamke usiyemjua jikoni anasonga ugali kwenye sufuria ya mama yako. Ile yenye sikio moja lililolegea. Ulibeba sufuria na ugali wake, ya moto vilevile, ukaenda kuimwaga nje, ukaungua viganja vyote viwili. Mimi nilisema nini? Nilimwambia mama Neema, "Usijali, ndivyo alivyo." Yeye ndiye aliyekupaka mafuta ya nazi kwenye viganja. Hukumbuki hilo au unakumbuka? Wewe ulikuwa umeangalia ukutani. Na sufuria ile hajaipikia tena mpaka leo, aliiosha akaifunga kwenye kanga. Iko chini ya kitanda chetu. Muulize akuonyeshe.

Sitaki kukutengeneza malaika. Ulitutesa. Ulipofika miaka kumi na mitatu ulikuwa na kundi lako kule nyuma ya soko, mnapokonya watu simu, mnavuta vitu vyenu. Ulimpiga kijana mmoja na chuma akapoteza meno mawili, na yule kijana hana jina la babu wa kulaumiwa, ana pengo tu. Makosa yako ni yako na najua hutaki nikupokonye. Ukweli ni kwamba hilo ndilo jambo ninaloliheshimu kwako kuliko yote. Hukuwahi kuyakataa.

Hata siku ile ya gunia. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Gunia la mchele la mteja lilipotea hapa mashineni, mteja anapiga kelele, watu wamejaa. Nikakuita, nikakuuliza mbele ya wote, "Wewe umechukua?" Ukaniangalia usoni ukasema, "Ndiyo, nimechukua." Basi. Hukulia, hukusema nisamehe, hukuinamisha kichwa. Mtoto mwingine angeapa kwa jina la mama yake mzazi. Wewe ulisema kweli, na mimi nikaona jeuri. Nikachukua kipande cha mkanda wa zamani wa mashine, ile mipira mizito, nikakushika nikakufunga kwa kamba kwenye nguzo hii hii iliyo mbele yangu sasa hivi, nikakupiga mpaka watu wakaanza kusema, "Mzee, inatosha, utaua." Uliendelea kuniangalia tu. Nikaona macho ya baba yangu, naapa niliyaona, na nikazidi kupiga.

Nimekuja kuelewa baadaye, nikiwa peke yangu hapa, wewe ukiwa huko ulikopelekwa. Siku ile mtu aliyefanana na babu yako alikuwa mimi. Wewe ulikuwa unafanana na mtoto wa kwenye zizi. Niliapa sitakufunga, nikakufunga, na kamba nilikuwa nayo mfukoni tangu asubuhi, nilikuwa naifungia magunia.

Umeme umerudi.

Wameshafika watu watatu. Nimewaambia mashine ina tatizo. Kijana mmoja anasema, "Tatizo gani, mzee, na taa hiyo inawaka?" Nimemwambia tatizo liko kwa mwenye mashine, aende kwa jirani. Ameniangalia kama mtu aliyepigwa na jua. Nimefunga mlango kwa ndani. Miaka kumi na mitano ya biashara hii sijawahi kufanya hivyo, na utaona hapa chini kwa nini leo sitaki kuiwasha.

Ulikuwa na miaka kumi na sita mlipovunja duka la mzee Shabani. Mlijua amekwenda msikitini kuswali alasiri. Akarudi mapema kwa sababu alisahau miwani, akawakuta, na mmoja wenu akamkata mkono kwa panga. Wenzako wakakimbia. Wewe ulibaki. Mahakamani ilisemwa ulikamatwa eneo la tukio, na watu wakadhani ulizidiwa mbio. Lakini mzee Shabani alikuja hapa mwenyewe, mkono umefungwa, siku ya tatu tu baada ya tukio. Alikaa kwenye benchi lile. Akaniambia, "Ndugu yangu, mwanao alivua fulana yake akanifunga mkono nisivuje damu. Nilimwambia kimbia wewe mjinga, watakuja watu. Akasema, 'Nikiachia, babu, damu itatoka.' Walipomkuta alikuwa bado amenishika." Kisha akasema, "Mimi nimewaambia polisi na nitawaambia na wengine. Wamrudishe nyumbani. Aje dukani kwangu kila jioni, nitakuwa naye."

Nilimsikia vizuri. Nilimshukuru, nikampa soda. Nataka ujue kwamba haya nilikuwa nayajua.

Wiki iliyofuata akaja dada wa ustawi wa jamii. Mahakama ya watoto ilitaka ripoti kabla ya kuamua, wewe ni mtu wa namna gani na umelelewaje, na kama kuna nyumba ya kukupokea. Binti mdogo tu, mpole, amevaa kofia ya pikipiki kubwa kuliko kichwa chake. Siku ile kulikuwa na foleni ya mpunga, mashine inaunguruma, na mimi sikuizima. Elewa hilo vizuri. Mtu amekuja kuniuliza habari za maisha ya mwanangu, nikamwacha aulize kwa kupiga kelele, huku mimi namimina mpunga.

Akauliza, "Mzee, kijana wako ana tabia gani?"

Nikamwambia, "Ndivyo alivyo. Tangu kuzaliwa. Amemrithi babu yake."

"Alikuwaje kabla mama yake hajafariki?"

"Huyo huyo."

Huo ulikuwa uongo. Ulikuwa mtoto wa vizibo vya soda.

Akauliza, "Kuna jambo lolote zuri alilofanya ambalo ungependa niliandike?"

Nikasema hakuna. Fulana yako ilikuwa bado ina damu ya mzee Shabani, na mimi nikasema hakuna.

Mama Neema alikuwa ameleta chai, akasimama pale na birika. Yule dada akafika kwenye swali lake la mwisho. "Mahakama ikimrudisha nyumbani chini ya uangalizi wako, mtampokea?" Mama Neema akajibu kabla yangu. Alisema, "Tutampokea." Alisema waziwazi kabisa. Mimi nikasema, "Hapana. Mpelekeni huko akanyooke."

Dada akasogea karibu. Alidhani hajasikia kwa sababu ya mashine. Akaomba nirudie.

Nikarudia kwa sauti kubwa. Watu wa foleni wote walisikia. Kisha nikafuta mkono kwenye suruali nikaweka saini.

Kwa nini? Nimejiuliza miaka miwili, na majibu yangu yote hayanisaidii. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na aibu mbele ya wateja. Nilikuwa nataka mtu mwingine anichukulie baba yangu, ampeleke mbali. Ukitaka jibu fupi, nilikuogopa, na mtu anayemwogopa mtoto wake hawezi kumlea.

Mama Neema hakuongea na mimi siku nne. Baada ya hapo mtaa ukaanza kusema kama kawaida ya mitaa. Kuna mama wa kambo nyumbani, mtoto kapelekwa mbali, nani atauliza zaidi? Sokoni walimwambia usoni. Shangazi yako alipokuja kukutembelea akakubebea maneno hayo, na mimi nilipokuja, mwezi wa tano, ulikuwa umeshayameza. Uliniuliza pale kwenye benchi la wageni, "Ni yeye, sio?" Mlango ulikuwa wazi kabisa, baba. Nilichotakiwa kusema ni neno moja. Nikakwambia, "Mambo ya nyumbani magumu, wewe soma." Ukaitikia kwa kichwa kwamba umeelewa. Nikarudi Mpanda nimekaa dirishani ndani ya basi, najiambia sikudanganya, sikusema ni yeye.

Na zile karanga za kukaanga nilizokuwa nakuletea, ulizosema zinafanana na za mama yako? Nilikwambia nazinunua njiani. Alikuwa anazikaanga yeye. Alikwenda mpaka Kabungu kwa bibi yako kuuliza marehemu alikuwa anaweka chumvi lini.

Nilimuuliza siku moja kwa nini hajitetei, kwa nini asikuandikie mwenyewe. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Kabakiwa na mzazi mmoja. Nikimwondolea na huyo, atabaki na nani?" Akaendelea kuchambua. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, na bado nikanyamaza miezi mingine tisa, mpaka juzi ulipoacha kula.

Sasa nikushauri nini mimi? Niseme machache ambayo nimeyalipia. Huko Tabora watakuwepo watu watakaokwambia wewe uko hivi, wewe ni mtu wa namna fulani, na watakuwa na ushahidi, kwa sababu ushahidi umeutoa kweli. Usibishane nao sana. Lakini usiwaamini kwa sababu tu wanasema kwa uhakika. Mimi nilikuwa na uhakika miaka kumi na sita na nilikuwa sijakutazama. Hiyo hali yako ya kutoinamisha kichwa, wengine wataita jeuri kama nilivyoiita mimi. Ndiyo hiyo hiyo iliyokubakiza dukani umeshika mkono wa mzee wa watu. Ni kitu kimoja. Kitakuingiza matatani na kitakuokoa, na sijui namna ya kukitenganisha, utajifunza mwenyewe. Na siku ukipata mtoto, mpe jina lolote unalotaka. Nikiwa nimekufa, usinirudishe. Niache nipumzike, na yeye umwache aanze upya.

Leo pia nataka niache kukuita Baba. Nimekubebesha mzee mzima mgongoni tangu siku ya kwanza. Wewe ni mwanangu. Naona hata mkono unasita kuliandika, sijazoea, lakini nimeliandika: mwanangu.

Sikuombi umpende mama Neema. Sikuombi hata urudi. Tabora ni yako, na ukiamua hutaki kuniona mimi, hilo nalo nimelitafuta mwenyewe. Ninachoomba ni kwamba ukiondoka na hasira, uielekeze kwangu mimi ninayeistahili. Usimwache mwanamke yule anaoga matope yangu, na wewe usibebe uongo wangu mpaka ukubwani.

Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii niiweke chini kabisa ya begi lako, uikute ukiwa umeshavuka Inyonga. Nimemwambia mama Neema mpango huo sasa hivi kupitia dirishani, yeye yuko dirisha la jikoni ng'ambo ya uwanja. Amenijibu, "Yaani umtupie mtoto mzigo kwenye basi, katikati ya watu asiowajua, halafu wewe uko hapa unakunywa chai? Mpe akiwa mbele yako." Halafu akafunga dirisha.

Amesema kweli. Nakusikia sasa unazima pikipiki uwanjani, Neema anakukimbilia. Kwa hiyo nakuletea mkononi, kabla hujanawa vumbi. Nitakaa kwenye kigoda mbele yako na sitainuka, hata nikitamani. Umesoma mpaka hapa, kwa hiyo nipo, nakuangalia. Sijui umekunja uso au la. Mashine imezimwa, mwanangu. Sema, nakusikia.

Baba yako